Kesi ya Athumani

Dada Zuhura,

Jana alasiri niliiona ile sehemu ya Athumani kwenye televisheni, kwa macho yangu. Niliiona yote, mwanzo hadi mwisho, nimeketi juu ya zulia ulilokuwa ukilipiga vumbi, Hajja pembeni yangu kwenye kiti chake, miguu juu ya mto. Ilipoisha sikuinuka. Hajja akadhani magoti yamenishika, akaniambia nijipake ile dawa yake ya mgongo. Nilimwambia si magoti.

Nilitaka kukutumia sauti. Nilishika simu, nikabonyeza pale tulipozoea kubonyeza, nikasema "Dada," kisha nikaiona picha yako ndogo, wewe na leso yako ya manjano, nikafuta. Simu yako anayo Saumu sasa. Sikutaka mwanao aamke kule Likoni akute mtu anamlilia mama yake. Basi nimeomba karatasi kwa mjukuu wa Hajja, amenipa za hesabu, zenye miraba, na mwandiko wangu unaujua. Vumilia.

Ulikuwa ukipenda nikupe habari za nyumba kwanza, mengine baadaye. Haya.

Niko Jidda. Niko katika nyumba yako, Dada, kwenye chumba chako cha nyuma ya jiko, kitandani mwako. Dirisha bado linatazama ukuta wa jirani, na yule paka bado anapita juu ya ukuta na kututazama kama sisi ndio wageni. Asubuhi ile ulipoanguka jikoni wakakukimbiza hospitali na hukurudi, watu wa nyumba hii walitafuta mfanyakazi mwingine. Wa kwanza Hajja alimkataa. Wa pili alimkataa kabla hajafungua begi. Akamwambia mwanawe, nileteeni yule wa kwenye simu. Mwanawe hakuelewa. Hajja akamweleza kwamba mfukoni mwa aproni yako kulikuwa na mwanamke anayecheka vibaya, amemsikia miaka yote, na huyo ndiye anayemtaka. Kwa hiyo kicheko changu ndicho kilichonileta hapa, kile ulichosema kinafanana na mlango usiotiwa mafuta.

Wakaongea kafili kwa kafili, mwajiri na mwajiri, ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ikahamishwa, na madam wangu wa Riyadh hakunibania hata kidogo. Unajua kwa nini, na nitafika huko.

Hajja hajambo. Anatembea na kile chuma cha kushikia, amekipa jina la punda, na akikasirika anakisukuma kama punda kweli. Bado ana wazimu wa mpira. Timu yake ya hapa mjini ikicheza hataki chakula, na refa yeyote kwake ni mwizi, hahitaji ushahidi. Anakutaja kila siku. Akionja kahawa ananiambia iliki imezidi, Zuhura ndiye aliyekuwa akiijua iliki. Mwanzoni iliniuma. Siku hizi nazidisha iliki makusudi ili nisikie jina lako.

Ijumaa nikipata ruhusa naenda Ghulail, mtaa wa watu wetu, kununua unga wa ugali. Wanawake wa huko wameniambia walikusomea hitima kwenye kile chumba cha juu ya duka, watu wakajaa hadi ngazini. Mimi siku ile nilikuwa Riyadh, darini kwenye chumba cha kufulia, nikaimba polepole wimbo wa kanisani kwetu kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Nadhani hukukasirika. Kaburi lako sijalikaribia, maana huku wanawake hatuingii makaburini, lakini nilipitishwa nje ya ukuta, na dereva wa Hajja akapunguza mwendo bila kuambiwa. Yeye pia anakukumbuka. Kila mtu hapa anakukumbuka, mpaka yule kijana wa mkate.

Sasa nije kwa Athumani. Naona nianze mbali, maana wewe mwenyewe hukuwahi kuanzia hadithi katikati, na mtu mwingine akiiokota barua hii nataka aelewe ulikuwa nani.

Tulikutana Nairobi, kwenye yale mafunzo ya kutumia mashine ya kufulia na namna ya kumsalimu madam. Tukalala kitanda kimoja cha ghorofa, wewe chini kwa sababu ya umri, mimi juu. Ulinicheka nilivyokula samaki na miiba. Tukapanda ndege moja, na pale uwanja wa Riyadh wakatutenganisha, wewe ukaendelea Jidda, mimi nikapelekwa Naseem, hapo hapo Riyadh. Sikukuona tena. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba rafiki niliyemjua kuliko wote duniani nilikaa naye uso kwa uso kwa majuma machache tu. Yaliyobaki yote yalikuwa sauti.

Na sauti zako zilikuja ule wakati wenye nyumba wamelala, baada ya chakula cha mchana, mji mzima umefunga mapazia. Mimi napiga pasi darini, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Televisheni ya nyumba yetu ilikuwa ya watoto, mimi niliijua kwa kuipangusa. Basi wewe ukawa unanitazamia. Ulianza na zile za Kituruki, harusi na sumu, sumu na harusi, nikakuambia zinanichosha. Ndipo ikaja ile ya mpira, kwa sababu Hajja aliipenda, na kila siku ikaanza vile vile: "Wee mwana, sikiza."

Ilikuwa tamthilia ya mpira wa Amerika ya Kusini, katika nchi ya milima, watu wote wanasema Kiarabu fasaha kwa sababu wametiwa sauti. Wakubwa wa chama cha mpira wanauza mechi. Marefa wanapewa bahasha, na timu inajua imeshinda kabla haijavaa viatu. Majina yao yalikushinda, tukubaliane. Yule mwenyekiti wa sigara ukamwita Mheshimiwa. Yule refa mzee aliyekataa bahasha ukamwita Mzee Kombo. Na yule karani mwembamba mwenye miwani, anayembebea Mheshimiwa mkoba na kuona kila kitu na kunyamaza, ukamwita Athumani, ati anafanana na shemeji yako.

Nilimjua Athumani kuliko majirani zangu wa Naseem. Nilijua anaruka kitini kila Mheshimiwa akimwita. Nilijua mkewe hamwogopi Mheshimiwa hata chembe. Nikikuuliza jambo hukukosa jibu. Nilikuuliza watu wa milima ile wanakula nini, ukasema mihogo. Nikakuuliza mihogo ya wapi huko, ukaniuliza kwani wao hawana mashamba, na ukaendelea na hadithi.

Halafu na mimi nikapata kesi yangu.

Ulimjua Majid kwa habari zangu, yule mdogo wa madam aliyekuwa akikaa nasi. Siku ile alilichukua gari la Baba, mume wa madam, bila ruhusa. Mutiso, dereva wetu, alikuwa amelala chumbani kwake kando ya geti. Mimi nilikuwa darini naanika mashuka, nikamwona Majid akitoka peke yake. Alirudi gari limebonyea mbele. Alikuwa amemgonga mtu, Mbangladeshi mmoja aliyekuwa akishusha katoni mbele ya duka, akamvunja mguu, akakimbia. Akaingia uani taratibu, akatundika funguo kwenye msumari wa Mutiso, akaenda kuoga.

Polisi walipokuja kuulizia gari, nyumba nzima ikajua ni dereva. Nani mwingine? Mutiso alisema alikuwa amelala. Mtu mpole, Mkamba wa Machakos, alikuwa akiwafundisha watoto kuhesabu kwa Kiswahili wakienda shule. Upole haukumsaidia. Baba aliwaomba polisi wampe hadi jioni azungumze na watu wake wa nyumbani.

Majid akanifuata jikoni. Nilikuwa namenya vitunguu. Alikuwa ameshaona kwamba dari linatazama geti. Hakunitisha, Dada, na hilo ndilo lililonimaliza. Alizungumza vizuri. Alisema wote tuna shida, na yeye akiandikwa na polisi masomo yake yameisha. Nikisema tu nilimwona Mutiso akitoka na gari, yeye ataongea na dada yake, na mwezi ujao niko kwetu Bungoma.

Unakumbuka hali niliyokuwa nayo. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha zamani, madam ananipiga danadana na ruhusa, leo kesho, kesho leo. Sharon wangu ameposwa, siku ya harusi imetajwa kanisani. Nilimwacha hajavunja ungo, na sasa anaolewa. Na madam hakumsikiliza mtu yeyote duniani kuliko huyo mdogo wake.

Nikapanda darini, nikakutumia sauti. Sikumbuki kama ilikuwa na maneno mengi, zaidi nililia. Ila nakumbuka nilichokuambia mwishoni. Nilisema Mutiso ana mdomo wake, ajitetee. Nilisema mimi mtoto ninaye mmoja tu, na harusi yake ni moja. Nilisema nimeshaamua, Mungu atanielewa. Nikaanza kukunja nguo.

Jibu lako lilikuja baadaye kidogo, na halikunitaja mimi wala Majid. "Wee mwana, sikiza," ukasema. "Leo Athumani kasimama mbele ya hakimu."

Nilikasirika mno. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana kichaa, mimi nimemwagia machozi na yeye ananiletea sinema. Nusura nizime. Lakini mikono yangu ilikuwa na shuka, nikaacha iendelee.

Ukasema Mheshimiwa amemwahidi Athumani nyumba kando ya bahari, akisema tu kwamba Mzee Kombo alizichukua zile bahasha kwa tamaa yake. Ukasema mzee ameketi kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, hamtazami mtu. Hakimu akamuuliza Athumani alichokiona. Athumani akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Akasema mkoba ule aliubeba yeye, aliyempa ni mkubwa wake, na huyu mzee hana lake hapa. Basi. Akatoka nje, gari la Mheshimiwa limeshaondoka, akapanda mlima kwa miguu mpaka kwake. Mkewe akamwekea mihogo, akala.

"Kisha kalala fofofo, Lineti," ukasema. "Mara ya kwanza tangu tamthilia ianze."

Hapo ikakatika. Hukuniambia nifanye nini. Nilisubiri sauti nyingine kutoka kwako, haikuja.

Baada ya swala ya magharibi Baba alituita sebuleni. Mutiso alikuwa amesimama karibu na mlango, madam kwenye kochi, Majid amejiegemeza ukutani na simu yake. Mezani kulikuwa na chai ambayo niliimimina mwenyewe na hakuna aliyeigusa. Baba akaniuliza niliona nini. Sina miwani mimi. Nikapangusa mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu, nikasema: "Baba, aliyetoka na gari ni Majid. Nilimwona kutoka darini."

Kiarabu changu ni cha jikoni lakini kwa maneno hayo kilitosha. Majid akaniita mwongo. Madam akaniita jina jingine. Baba akamwambia Mutiso aende akapumzike, na kwa namna alivyolitamka lile neno nikajua ameniamini. Asubuhi alimpeleka Majid polisi yeye mwenyewe. Mutiso hakulala kizuizini, hakurudishwa Kenya na jina baya. Bado anaendesha gari lile lile.

Mengine unayajua kwa sababu uliyabeba pamoja nami. Madam aliacha kunisalimu. Kuhusu ruhusa ya kwenda nyumbani aliniambia mafi safari, halas, hakuna safari, basi, na hakulirudia. Harusi ya Sharon niliitazama kwenye simu, darini, dada yangu ameishika simu yake juu huku akicheza, kwa hiyo nililiona hema la harusi kuliko nilivyomwona bibi harusi. Na wewe uliazima simu ya Hajja, ukapiga kwenye ile simu yangu ya pili ya vibonyezo, ukabaki hewani shughuli nzima bila kusema neno. Sharon alipoingia kanisani niliropoka tu, "Huyo, huyo anaingia," na wewe ukapiga kigelegele huko Jidda. Hajja akauliza kuna nini, ukamwambia, na yeye akapiga cha kwao. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nimevaa gauni langu la kanisani. Sijawahi kulia na kucheka kwa pamoja namna ile.

Kisha miezi haikuwa mingi ukatuacha.

Nilipofika hapa ndipo nilipoielewa kazi yako ya kahawa. Nilikuwa nikidhani wewe umekaa na Hajja, umekunja miguu, unatazama tamthilia kwa raha zako. Kumbe! Ikianza tu Hajja anataka kahawa. Ikinoga anataka tende. Mlango unagongwa, wajukuu wanataka maji, mgeni anakuja na vikombe vinaisha. Unamwacha mtu anafungua barua, unarudi na dele la kahawa mkononi unamkuta ameshazikwa. Tangu nije, ukiondoa jana, sijaona hata tamthilia moja ikaenda mpaka mwisho nikiwa ndani ya chumba. Basi nawe hukuwahi kuona, Dada. Ulikuwa unaona vipande ukipita na sinia, halafu unakwenda kuvishona jikoni, na mimi kule Naseem napewa kitambaa kizima. Nilipogundua hivyo nilicheka peke yangu mpaka Hajja akaniita kuangalia nimepatwa na nini. Yule mke wa Athumani asiyeogopa mtu, nakuapia hayumo. Athumani hana mke.

Nilimwambia Hajja kwamba ile ya mpira naijua yote, ulinisimulia. Ndiyo maana jana, walipoirudia sehemu ya hakimu, aliniambia niweke dele chini. Leo kahawa mafi, akasema, keti.

Nikaketi. Nikaona mahakama, ikawa ndogo kuliko uliyonijengea. Nikamwona Mzee Kombo kwenye benchi. Athumani akasimama, na mimi nikaanza kutabasamu, maana nilijua kinachokuja. Hakugusa miwani. Akasema kwa sauti nzuri, bila kukwama, kwamba zile bahasha alizichukua refa kwa tamaa yake. Mzee akainamisha kichwa. Wakamtoa kwa mlango wa pembeni. Halafu ikaja nyumba kando ya bahari, dirisha kubwa, Athumani mezani na samaki mzima, anakula peke yake, na kila mlango ukigongwa anaacha kutafuna. Muziki. Ikaisha.

Nilimwambia Hajja wamebadilisha. Akasema hawajabadilisha kitu, ndivyo ilivyokuwa hata mara ile ya kwanza. Nikamwambia haiwezekani, Zuhura aliona mwenyewe. Hajja akazima televisheni. Alisema siku ile hukuwemo chumbani. Ulikuwa jikoni, umesimama kwenye karo, simu sikioni, na yeye alisikia mtu analia ndani ya simu mpaka akapunguza sauti ya televisheni. Uliporudi macho yako yalikuwa mekundu, na tamthilia ilikuwa imekwisha. Ukamuuliza yule karani alisema nini. Yeye akakuambia: alisema uongo, akapewa nyumba.

Hajja akasema ulisimama pale pale, na dele mkononi, ukamkasirikia kama yeye ndiye aliyesema uongo. Kisha ukamwambia, "Halas, mama. Kwa Lineti atasema kweli."

Dada, sitakuficha. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Nilikwenda chumbani, chumbani kwako, nikaketi kitandani nikakuchamba kimoyomoyo. Nilisema mwanamke huyu alinidanganya. Aliijua hadithi ilivyo, akanigeuzia, na kwa ajili ya uongo wake nikaikosa harusi ya mtoto wangu wa pekee. Karani wa kwenye televisheni alikula samaki, mimi nikakaa juu ya ndoo. Nilisema ungekuwa hai ningekupigia hapo hapo, na ungejua kwamba watu wa Bungoma nao wana midomo.

Nikakaa hivyo mpaka hasira ikachoka. Halafu nikajaribu kuiona ile harusi kama ningekwenda. Nilijiona nimevaa, nimesuka, nacheza na wakwe, watu wananitunza. Nikajiona naletewa sahani ya pilau. Na kila nilipofika kwenye ile sahani, nilimwona Mutiso kizuizini, hajui hata lugha ya kuulizia kosa lake, na mkewe Machakos anampigia simu isiyoshikwa. Pilau ile isingepita kooni, Dada. Wewe ulilijua hilo kabla yangu. Ulinijua mimi kuliko nilivyojijua, kwa sauti tu, na muda wa kufikiri ufanye nini ulikuwa ule wa kuosha vikombe tu.

Ungeweza kunihubiria. Wangapi wangenihubiria! Mchungaji wangu angenipa mistari. Dada yangu angeniambia nitazame mtoto wangu kwanza. Wewe ulijua mtu aliyekwisha kuamua hasikii mahubiri, lakini hadithi atasikiliza, hata akiwa amenuna. Ukamchukua mtu mwoga wa nchi ya mbali ukampa mke, ukampa mihogo, ukamsimamisha wima kwa ajili yangu. Nakushukuru. Nakushukuru kwa ule usingizi wa usiku ule, maana na mimi nililala fofofo, madam akiwa bado anafoka sebuleni. Nakushukuru kwa jina langu, ambalo ninaweza kulitaja mbele ya mtu yeyote. Asante haitoshi lakini ndiyo niliyo nayo, ipokee.

Kuna asante nyingine nimetumwa. Siku ninaondoka Riyadh, Mutiso ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Tukiwa njiani nikamweleza kuhusu Athumani, vile nilivyomjua siku hizo, aliyesema kweli. Hakuwahi kujua kwamba siku ile nilikuwa nimeshaamua kumtupa. Barabara nzima aliendesha macho mbele. Nilidhani amekasirika na nikaona ana haki. Tulipofika aliushusha mzigo wangu, akauliza watu wa dini yako huambiwa nini wakishafariki. Nikamfundisha. Akasimama pale kwenye maegesho, akavua kofia, akasema, "Mungu amrehemu Dada Zuhura," kisha akaniambia nikikuombea nikutajie kwamba yupo kazini na watoto wake wako shule. Basi nimekutajia.

Hajja alinifuata chumbani jana ile ile, na punda wake, akasimama mlangoni. Alitaka kujua hadithi ilikwishaje huko kwetu. Nikamsimulia kwa Kiarabu changu kibovu, miwani, mlima, mke, mihogo. Mihogo alikuwa haijui, nikamwonyesha kwenye simu. Aliposikia yote alisema ya Zuhura ni bora, na hawa watu wa televisheni hawajui kazi. Akasema pia kwamba Mzee Kombo pengine si mwizi. Umesikia, Dada? Refa! Umemtoa refa mmoja kwenye hukumu ya Hajja, na huo ni muujiza peke yake.

Mwanawe Hajja amenikatia ruhusa ya kwenda nyumbani baada ya Ramadhani. Sharon ana mimba. Nitashukia Mombasa kwanza kabla ya Bungoma, nivuke niende Likoni kwa Saumu. Ameniomba nimweleze mama yake alikuwa mtu gani huku, kwa sababu na yeye alilelewa na simu. Nitamweleza. Nitakaa naye siku nzima ikibidi, na nitamletea iliki ya nyumba hii, ile uliyokuwa ukiijua.

Sasa alasiri imeingia, Hajja ameshaanza kugonga sakafu na chuma chake. Pumzika, dada yangu. Mola wako akupokee vizuri, na kama huko kuna mtu anasimulia jambo na amekosea, najua utalirekebisha.

Na mtoto wa Sharon akizaliwa, akakua, akafika umri wa kusikiliza, nitamketisha nimsimulie ile tamthilia ya mpira, milima, bahasha, Mheshimiwa na sigara yake. Siku moja huenda akaiona yenyewe na akaja kuniambia bibi umenidanganya. Sawa. Mimi nakuahidi hili tu, Dada Zuhura: kwake pia, Athumani atasema kweli.

Mdogo wako,
Lineti